Swali la Utepe wa Buluu

Mimi shuleni siongei. Nyumbani naongea mpaka Bibi Elida ananiambia, "Yanela, hebu nyamaza kidogo nisikie redio." Lakini nikivuka geti la shule tu, maneno yanarudi tumboni. Tangu darasa la kwanza mpaka hili la sita, mwalimu akiniuliza kitu, Braian anadakia, "Mwalimu, huyo hana salio!" Darasa zima linacheka. Na mimi nacheka, ila bila sauti.

Mtu pekee niliyekuwa naongea naye ni Guillermina, tunamwita Guille. Yeye anaongea kwa niaba ya wawili, kwa hiyo tulikuwa tunapatana.

Hapa Paso Carreta mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, kwenye ngazi za shule. Ndiyo maana Jumamosi, shule ikiwa imefungwa, ngazi zimejaa. Kila mtoto na kompyuta yake ndogo ya serikali magotini, tumebanana kama ndege kwenye waya. Jumamosi ile mvua ilikuwa imetishia tangu asubuhi, wengi wakabaki nyumbani wakisubiri mikate ya kukaanga ya siku za mvua. Tulikuwa mimi na Guille tu.

Guille alikuwa kwenye gemu yake ya farasi. Wiki mbili alikuwa na rafiki humo ndani, jina lake Agustina, miaka kumi na moja, darasa la sita kama sisi, shule ya serikali huko Melo, mji wa hapa hapa nchini. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Alikuwa ameahidi kumpa Guille farasi mwenye manyoya ya dhahabu, yule ambaye hata Braian hana.

"Sogea, angalia," Guille akaniambia. "Ananipa leo leo!"

Nikasoma. Agustina alikuwa ameandika: "Nitumie picha yako umevaa sare, umesimama mbele ya nyumba yenu. Baba anapita huko na lori Jumanne, nikuletee na zawadi. Sare yenu ni rangi gani, nisije nikakosea shule?"

Guille akajibu, "Nyeupe, si unajua," akaanza kutafuta picha. Alikuwa nayo tayari. Amesimama getini kwao, namba ya nyumba inaonekana, koti jeupe limenyooshwa kwa wanga, utepe wa buluu shingoni, na mfukoni jina la shule limetariziwa.

Mwanzoni nilicheka kwa pua. Sare rangi gani! Halafu kicheko kikakauka.

Maana nchi hii nzima, kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali anavaa koti jeupe na utepe wa buluu. Mtoto wa mvuna mpunga, mtoto wa daktari, wa mjini, wa huku kwetu. Bibi Elida alivaa hivyo hivyo. Kumuuliza mwenzako rangi ya koti ni kama kumuuliza maziwa yana rangi gani. Mtoto wa Melo hawezi kuuliza.

Nilijua hapo hapo. Na sikusema. Kidole cha Guille kilikuwa kinashuka kwenye picha, na mimi ulimi umeganda, hata kwake yeye, maana sijawahi kumpinga Guille kwa jambo lolote. Nilijiambia labda nimekosea. Nilijiambia atanuna. Kidole kikafika.

Nikaufunga mfuniko wa kompyuta yake. Pah!

"We! Una wazimu? Karibu unikate kidole!"

"Usitume."

"Kwa nini?"

"Ameuliza rangi."

"Kwa hiyo?"

"Yeye anavaa rangi gani, Guille? Huko kwao Melo?"

"Nyeupe, si kama..." Halafu akanuna kweli. "Unajua nini? Una wivu. Mimi nina rafiki mwingine na wewe huna. Ongea na watu uone kama hutapata wako!"

Iliniuma. Ningeweza kuondoka. Lakini picha ilikuwa bado iko pale, chini ya mkono wangu.

"Sawa, nina wivu," nikasema. "Muulize swali moja tu. Akijibu, tuma, na sitasema kitu tena. Muulize asubuhi nani anamfunga utepe."

Guille akabetua midomo. Hakuna mtoto asiyekuwa na hadithi ya utepe. Unakaba, unalegea, unaangukia kwenye supu, mama anakufunga huku anakukaripia kwamba umechelewa. Kufika darasa la sita kila mtu anauchukia. Akafungua kompyuta, akaandika: "Hivi wewe utepe wako nani anakufunga?"

Tukasubiri. Jibu likaja haraka.

"Utepe? Ninao wa pinki, lakini navaa kwenye sherehe tu. Picha iko wapi?"

Guille akasogeza uso kwenye skrini. Nilimwona anasoma mara ya pili, midomo inacheza. Halafu ikaja nyingine: "Picha iko wapi?" Na nyingine.

"Nafuta," Guille akasema. "Nafuta gemu, nafuta kila kitu. Mama akijua ataniua."

Nikamshika mkono. Darasani kwetu mwalimu Mirta amebandika karatasi kubwa ukutani: USIJIBU. USIFUTE. ITA MTU MZIMA. Kila Jumatatu tunaisoma kwa sauti, na Guille ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

"Usifute," nikamwambia. "Twende kwa mwalimu."

"Leo Jumamosi!"

"Kwani anakaa mwezini? Anakaa hapo nyuma."

Mwalimu Mirta alifungua mlango akiwa na ndala, kibuyu chake cha kunywea chai mkononi, chupa ya maji moto kwapani. Akatuangalia. Akamgeukia Guille, kama watu wote wanavyofanya tukiwa wawili.

Guille akafungua mdomo, kikatoka kilio.

Basi ikabaki mimi. Sijui maneno yalipita wapi, lakini yalipita. Nilisema yote, farasi, lori, Jumanne, rangi ya koti, utepe wa pinki. Mwalimu hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliweka kibuyu chini, akakumbatia kichwa cha Guille na kumwambia, "Hujakosa wewe, mwanangu. Amekosa yeye." Akapiga picha ya skrini, akampigia mama yake Guille, halafu polisi. Mama alikuja mbio na aproni ya jikoni. Hakumuua.

Polisi walisema yule mtu hayuko Melo na si mtoto. Zaidi ya hapo mwalimu hakutuambia.

Jumatatu alitaka kulieleza darasa bila kutaja jina. Guille akanyoosha mkono mwenyewe. "Ni mimi. Lakini aliyeona ni Yanela. Mwacheni aseme."

Nikasimama. Nikasema, "Aliuliza rangi ya koti."

"Mamaaa!" Braian akaruka. "Kumbe ana salio!"

Wakacheka, nikawasubiri wamalize.

"Labda anasoma shule ya kulipia," Braian akaendelea. "Hao wana sare za kila rangi."

"Alisema ya serikali," nikamwambia. "Na hata wa kulipia anatuona sisi barabarani kila siku. Wewe ungemuuliza?"

Braian akafikiri. "Nisingeuliza," akasema. Akakaa. Kumnyamazisha Braian! Hiyo nayo ilistahili kubandikwa ukutani.

Alhamisi mwalimu Mirta aliunganisha shule kumi na moja za mashambani kwenye skrini moja, vidirisha kumi na moja vya makoti meupe, akaniomba niwaeleze. Bibi Elida alikuja, kakaa kiti cha nyuma na nguo yake ya misa. Nilijaribu kufunga utepe mara tatu, ukanishinda. Guille akaja kunifunga.

"Usikabe," nikamwambia.

"Tulia, we msemaji wa taifa."

Akanifunga vizuri, fundo katikati kabisa. Nikasimama mbele ya skrini, nikasema mpaka mwisho. Kwenye kidirisha kimoja watoto walikuwa wanaangalia tepe zao wenyewe wakati nasema.

Jioni nyumbani nilikuwa natandika meza kimya. Nilidhani Bibi anasikiliza taarifa ya habari. Akanyoosha mkono akazima redio.

"Haya," akasema. "Nihadithie tena. Anzia kwenye ngazi."