Kumfunga Sukari

Drocella alikuwa barazani anachambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: wazima kwenye beseni, waliopondeka kwa Sukari. Sukari, mbwa wake jike mwenye rangi ya sukari guru, alimeza bila kutafuna, macho hayabanduki kwenye mikono ya mama yake. Maana Drocella alijiita mama yake, na nyumba nzima ilishakubali.

Karenzi, veterineri aliyerudi kutoka Tanzania, alipita akitokea kutibu ng'ombe huko Mudende, buti bado zinanuka zizi.

"Mama Uwase," alimwambia Drocella, "huyu binti amekua. Mfunge mapema, kabla madume hayajaanza kuja."

"Asante, muganga. Kesho tu mi namufunga."

Na akamfunga kweli. Alinunua kamba ya nailoni sokoni, akamfunga kwenye nguzo ya jikoni kwa fundo ambalo baba yake alifungia ng'ombe. Sukari akilia, Drocella alimwambia, "Pole mwanangu, ni dawa."

Joto lake lilipofika, madume walikuja. Wa Cyanzarwe walikuja, na wa Goma walipita chini ya kizuizi cha mpaka bila kuulizwa karatasi. Sukari hakwenda popote. Angekwenda wapi?

Watoto walipozaliwa, Munyaneza, mume wa Drocella, aliwatazama sana. Alimkuna Sukari kichwani, halafu akawatia watoto kwenye gunia, akashuka nao ziwani. Mtaa mzima ulifanya hivyo, ziwa lilikuwa karibu. Akarudi, akanawa, akala.

Kesho yake magharibi watoto walipanda kutoka ziwani, wamefuatana, wamelowa, macho bado hayajafunguka. Askari wa doria waliwapisha barabarani. Waliingia ndani wakidondosha maji kwenye sementi, wakatafuta matiti ya mama yao.

"Munyaneza," Drocella aliita, "batoto ya Sukari wamefika."

"Iko wapi?"

"Hapo, kwa miguu yako."

Munyaneza akakunja miguu ili wapite.

Alfajiri walirudi ziwani, na jioni wakaja tena. Uzao wa pili nao ulipelekwa, nao ukarudi, ukawakuta wa kwanza hawajakua hata kidogo. Joanita, jirani aliyekulia Uganda, aliegemea ua akicheka.

"Mama Uwase, kumbe umefungua nasari!"

"Bon, ulete na wako basi."

Lakini mtoto aliyekufa ananyonya sawa na aliye hai. Mbavu za Sukari zikatoka nje, maji ya kunywa akawa anayalamba amelala. Uwase, binti wa Drocella, alimgawia uji wake wa soya asubuhi kwa asubuhi.

"Mama, wanamumaliza."

Drocella alishika fagio awafukuze. Akaona pua zao zilizolowa, akaliweka fagio chini.

Siku Sukari aliposhindwa kusimama, Drocella alimwita Karenzi. Karenzi alimpapasa tumbo, akakasirika.

"Nilikwambia umfunge."

"Si nimemufunga! Angalia kamba. Nailoni hiyo, hata ng'ombe hawezi kuikata."

Karenzi alitazama kamba, akavuta kigoda, akakaa.

"Kufunga kizazi, mama. Unampasua, unatoa mfuko wa uzazi, unashona. Si kamba."

Drocella aligusa fundo la kamba.

"Donc madume walikuja," alisema, "na mi ndiye nilimushikia asikimbie."

Wenye mbwa jike wasikie hapo.

"Amedhoofu, anaweza asiamke," alisema Karenzi. "Lakini mimba nyingine itamuua kabisa."

Alimchoma sindano ya usingizi, akampasua juu ya meza ya kupigia pasi. Drocella alishika kichwa cha Sukari, akamwita majina yote aliyokuwa anamwita Uwase akiwa mchanga, hata yale ya aibu. Munyaneza alisimama mlangoni, akasema gunia hatalishika tena. Uzi ulipokatwa, Sukari alikaa kimya mpaka Uwase akaanza kulia, ndipo mkia ukagonga meza.

Jioni watoto walikuja. Walikuta kitambaa kimefungwa tumboni na maziwa yameanza kukauka. Hawakugomba. Walijilaza ubavuni kwake, penye joto, na zamu hii Sukari hakupungua.

Drocella aliwaambia wanawake wa sokoni: si kamba, ni kisu, mwiteni Karenzi. Walicheka mpaka wakashika matenga.

"Mbwa apasuliwe kama mama anayezalia maternite? Na ziwa liko pale?"

Waliendelea kushuka na magunia, wakarudi mikono mitupu.

Magharibi moja, watoto wa Sukari walipokwisha kulala, akaingia mwingine mweusi, mguu mmoja mweupe, amelowa, anatetemeka. Hakuwa wa kwao. Sukari alimnusa kichwani, akasogeza paja, akampa nafasi.

Uwase alikuwa ameshika kitasa.

"Usifunge bado," alisema Drocella. "Kuna wengine wanapanda."