Nondo Kwenye Kasha la Wavu

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, fundi cherehani alikwenda kwenye kituo cha utafiti msituni kuchukua vitu vya mdogo wake. Marehemu alikuwa mtafiti wa nondo, wale wadudu wenye mabawa. Alipoipata ile kazi, mama yao aliutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe kaingia kwenye biashara ya vyuma vya kujengea.

Fundi alikunja mashati, akafunga viatu kwenye gazeti. Tangu apigiwe simu ya ajali hakuwa amelia, na watu nyumbani walishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Mezani palikuwa na kasha la wavu. Ndani yake kifuko cha rangi ya majani makavu kilining'inia kwenye kijiti.

"Hicho usikiguse, dada," alisema mtunza stoo, aliyefanya kazi na marehemu miaka sita. "Atatoka leo au kesho. Mdogo wako alikuwa anamsubiri."

Fundi akaahirisha safari, akalala palepale.

Nondo alitoka asubuhi, amelowa, mabawa yamejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Saa nzima fundi alimtazama akinyooka. Alikuwa jike, rangi ya kahawia, na kila bawa lilikuwa na doa la mviringo mfano wa jicho. Fundi alichukua futi ya kushonea, akampima: sentimita kumi na tatu. Akaandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wa mdogo wake.

"Anakula nini?"

"Hali. Hana mdomo wa kulia. Alikula alipokuwa kiwavi, basi."

"Ataishi siku ngapi?"

"Wiki moja, akijitahidi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei ya vifungo.

Jioni walilitundika kasha barazani. Kulipokucha walikuta dume ameng'ang'ania nje ya wavu, amefuata harufu ya jike kutoka huko msituni. Mtunza stoo akamwingiza ndani. Kesho yake wavu ulikuwa umejaa mayai.

Mama akapiga simu. "Si ulisema unarudi juzi?"

"Nitabaki hadi Jumamosi."

"Unafanya nini huko?"

"Ninahesabu mayai, mama. Nimefika mia moja na nne."

"Ya kuku?"

"Ya nondo wake."

"Haya," mama alisema. "Usiyakosee."

Fundi aliweka simu mezani. Alikuwa ameshasahau alipoishia, akaanza upya: moja, mbili.