Uzito wa Mama Naftali

Mgonjwa haulizwi uji, lakini Naftali alimuuliza mama yake, Rebeka, kila asubuhi, maana kimya cha nyumba ile kilimchosha kuliko kuuguza kwenyewe. Asubuhi hiyo Rebeka alikunywa vijiko viwili vya uji wa uwele, akageukia ukutani. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Hospitali walikwisha kumrudisha nyumbani Kinampanda, wakamwambia Naftali atafute watu wa kumtunza mama yake mpaka mwisho, na awe mwangalifu, kwani si wote wa kuaminika.

Kwa hilo Naftali hakuwa na wasiwasi. Wanawake wa ukoo wa mama yake huwapima watu wanapougua: mikononi mwa mwenye nia njema huwa wepesi, mikononi mwa mwenye maneno matupu huwa wazito. Bibi yake aliwashinda kwa uzito wakwe zake watatu na mchungaji mmoja. Kijijini hawakuona ajabu, ila yule mchungaji aliomba uhamisho.

Wa kwanza kuja alikuwa Eliza, muuguzi wa zahanati ya kanisa, juu ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niinue."

Eliza alimpitishia mkono mmoja, akamwinua kama anayeokota kanga iliyoanguka, akampaka mafuta mgongoni palipoanza kuchubuka. Naftali alifurahi hadi akataka kulia. Lakini Rebeka aliuma shuka, kwa sababu maumivu hayakujali kwamba aliyemshika ni mtu mwema.

"Hapa dawa ni morfini," Eliza alisema. "Sisi hatuna kibali cha kuitunza. Wanayo wale wa mjini."

Wale wa mjini, watu wa Nyumba ya Tulizo, kituo cha kutunza wagonjwa wasiopona, walikuja na gari jeupe. Msimamizi wao, Stanley, alivaa tai na kueleza habari za upendo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kisha vijana wake wanne walishika pembe za shuka, wakavuta. Rebeka hakusogea. Walipovuta tena, miguu ya kitanda ilizama kwenye sakafu ya udongo. Stanley alijifuta jasho, akasema jambo hilo hutokea kwa wagonjwa wengi.

"Basi tupeni hiyo dawa, tumuuguze hapa hapa," Naftali alisema.

"Dawa haitoki nje ya geti letu, kaka. Mgonjwa ndiye anayeifuata."

Naftali alimtazama mama yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye alikuwa akiisikia tu kupitia ukuta, na bado ilikuwa imemmaliza.

"Mama, unawaamini hawa?"

"Siwaamini," Rebeka alisema. "Nipelekeni."

Eliza ndiye aliyemweka garini. Alipomwachia tu, springi zililala, na gari likaenda Singida taratibu, likipitwa na mikokoteni ya punda.

Dawa ilikuwa ya kweli. Rebeka alilala usingizi ambao Naftali alikuwa ameusahau. Ila hakuna aliyeweza kumgeuza, na hawakujaribu sana, kwa hiyo mgongo wake ulioza akiwa amelala. Waliweka matofali chini ya kitanda, wakaendelea na kazi nyingine. Kila Jumamosi Naftali na Eliza walipanda basi kwenda kumwosha.

Jumamosi moja Rebeka alimshika Eliza mkono. "Nirudishe nyumbani, mwanangu."

Eliza alimbeba mgongoni. Hakuna aliyewazuia, mlinzi hata aliwafungulia geti. Walikuwa wamefika penye bodaboda wakati dawa ya asubuhi ilipoisha nguvu. Naftali aliona vidole vya mama yake vikijikunja begani kwa Eliza. Eliza alisimama juani, wala hakuwa amechoka. Angeweza kutembea naye hivyo hivyo mpaka Kinampanda.

"Nirudishe kule," Rebeka alisema.

Walirudi. Mlinzi alikuwa hajafunga geti.