Mapovu ya Fundi Pancha

Mume wangu ni fundi wa pancha, na kichwa chake ni kigumu kuliko tairi la trekta. Nasema mapema ili tuelewane.

Virusi vya mafua vilimwangusha vibaya mpaka pafu likatoboka. Hewa ikavuja, ikajaa kifuani na kulibana pafu lenyewe. Daktari akampitisha mrija ubavuni, ukaishia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. "Maji yakitoa mapovu, pafu bado linavuja," alituambia. "Yakitulia hata akikohoa, tunatoa mrija."

Anamwambia nani? Mtu anayezamisha tyubu kwenye beseni kila siku kutafuta tundu. Asubuhi iliyofuata daktari alipopita, bwana akabana pumzi. Alipoambiwa akohoe, akakohoa kikohozi cha juujuu, cha kusafishia koo. Maji kimya.

"Naona pameziba," daktari akasema, akamwita muuguzi alete vifaa.

Mrija ungetoka mapema, pafu lingesinyaa tena, na mara ya kwanza nilimwona akitapatapa kutafuta pumzi mbele yangu. Sikuwa tayari kuwa mjane kwa ujanja wa gereji.

"Baba Pacha," nikamwita, "unakumbuka ulivyokalia gundi, ukasimama kumwamkia mama yangu na kigoda kimekuganda nyuma?"

Akajikaza, mashavu yakavimba. Nikainama, nikaigiza: "Shikamoo mama." Akaangua kicheko, na chupa ikatokota kama birika.

"Kumbe," daktari akasema. Mrija ukabaki.

"Umeniuza, Mama Pacha," akanuna. "Yule fundi mpya wa ng'ambo ya barabara atanimalizia wateja."

"Na wewe tyubu inayovuja huwa unamrudishia mteja?"

Akageukia ukutani. Sikumbembeleza.

Tangu hapo kila nikifika nilimsimulia kigoda, naye akiniita mchokozi, na mapovu yakawa yanapungua. Siku moja akaniwahi: "Haya, nisimulie." Akacheka mpaka akashika mbavu, akakohoa kikohozi cha kweli. Tukainamia chupa, vichwa vikagongana. Hakuna povu.

"Rudia," akasema. "Tyubu huwa naizamisha mara mbili."

Nikaanza, "Ulikalia gundi..." Nikaangua kilio. Akanishika mkono, macho kwenye chupa, akamalizia mwenyewe.

"Shikamoo mama."