Kifundo cha Selby

Nimeyeyusha mawe kwa asidi miaka thelathini na moja na sijaunguza hata ukucha. Nalisema mapema ili tuelewane: mimi, Verna Pardy, sibahatishi. Maabara yetu iko juu ya bandari ya St. John's, na vifuko vya mwamba uliosagwa hutujia kutoka visima vya mafuta vya baharini, huko Grand Banks. Natia asidi, nachuja, nachuja tena, mpaka kifuko kizima kinabaki tone moja la tope la kahawia. Ndani ya tone hilo mna maganda.

Maganda yenyewe ni madogo kuliko ncha ya sindano. Yalikuwa ya viumbe wa chembe moja walioelea baharini miaka milioni hamsini iliyopita. Hali ikiwa mbaya, kiumbe alijijengea ganda, akazama, akalala. Hali ikitengemaa, alifungua mlango mgongoni akaenda zake, ganda likabaki. Kwa umbo la mlango unautambua ukoo, na kwa pembe unaitambua spishi. Ukoo ninaousema una pembe moja kichwani na mbili chini, na tangu watu waanze kuutazama, pembe ya chini ya kushoto ndiyo ndefu.

Alhamisi moja mwezi wa Juni, Daktari Tamsin Kielly aliingia na karatasi mkononi. Tamsin ni binti wa Placentia, ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kuyasoma maganda ninayoyasafisha mimi. Ananiita shangazi, kama walivyomlea kwao kuwaita wanawake wote waliomzidi umri.

"Shangazi, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu saa mbili. Sema."

"Nimepata spishi mpya."

"Kila mwezi kuna mtu kapata mpya. Akifuta vumbi kwenye lenzi, mpya inamtoroka."

"Cheka tu. Pembe ya kulia ndiyo ndefu! Maganda kumi na moja, tabaka moja, kina cha mita elfu mbili mia tatu na kumi, na hakuna hata moja la kushoto. Wakaguzi wameipitisha makala yangu. Hizi kurasa natakiwa nizirudishe kesho adhuhuri, zikachapwe. Haya, soma jina."

Nikavaa miwani. Jina la kwanza lilikuwa la ukoo, nalijua. La pili lilikuwa Pardy, limevishwa mkia wa Kilatini. Chini yake aliandika: kwa kumbukumbu ya Selby Pardy, aliyevifunga na kuviandika vifuko vya kisima hiki.

Nililia. Sioni haya kusema. Tamsin naye akalia, kisha akaenda kula chakula cha mchana na wenzake, akaniachia kurasa nizifurahie peke yangu.

Selby ni mume wangu. Alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba miaka ishirini na sita, na mapafu yakamshinda mwaka juzi. Kazi yake kule ilikuwa kukinga mwamba unaopanda kutoka kisimani, kuufunga na kuandika umetoka kina gani. Hakuwahi kukosea kina. Nyumbani ndiko alikokuwa balaa. Alipenda kutengeneza vitu, na kila alichotengeneza kilizunguka kinyume. Bomba letu la jikoni mpaka leo ukitaka kulifungua, unalifunga. Nilimaliza ujana wangu nikipiga kelele, "Kinyume, Selby! Kinyume!" Naye hujibu, "Lakini maji si yanatoka?"

Sasa mtu wa namna hiyo kupewa jina la spishi si jambo dogo. Huwezi kujipa mwenyewe, utachekwa mpaka kaburini. Lazima mwenzako akupe. Na likishachapwa halifutiki. Atakayezaliwa miaka mia mbili ijayo akikuta ganda hilo, atamtaja Selby Pardy apende asipende. Nilitaka hivyo. Nilitaka kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote tangu azikwe.

Nikatoa touton zangu, vipande vya unga wa mkate vilivyokaangwa, nikazimwagia molasi, nikaendelea kusoma huku nakula. Ukurasa wa pili ulisema: maganda yote ya tabaka hili yalitazamwa na kupigwa picha kwa hadubini ya dirishani, kwa sababu ya ubora wa lenzi zake.

Nikaweka touton chini.

Hadubini ya dirishani ni kongwe na lenzi zake hazina mfano, hilo kweli. Lakini mwaka 1994 gia ya kifundo chake cha kulenga, kile unachokizungusha kwa vidole ili uone wazi, ilivunjika, na mpya ingechukua miezi kufika. Selby alikuwa likizo. Akachukua saa mbovu ya mezani, akachonga gia, akaongeza moja ambayo haikutakiwa. Kikafanya kazi vizuri ajabu, ila kilizunguka kinyume: unapodhani unashusha macho, unapandisha. Tulicheka wiki nzima, tukabandika kikaratasi, GEUZA KINYUME, na maisha yakaendelea. Waliojua wamestaafu mmoja mmoja. Kikaratasi nilikibandua mimi mwenyewe majira ya kuchipua ya mwaka jana, kabla Tamsin hajaanza kuitumia, nilipokuwa naisafisha kwa spiriti. Kilikuwa kimegeuka manjano. Nikajiambia, nani asiyejua?

Ganda linapitisha mwanga. Unauona upande wa juu, kisha ukizamisha macho unauona wa chini. Usipojua upi ni wa juu umekwisha. Mtu akikupa mgongo, mkono wake wa kushoto uko kushoto kwako. Akikugeukia, uko kulia. Kwa kifundo kile cha kinyume, Tamsin aliyatazama matumbo kumi na moja akidhani ni migongo. Pembe zilikuwa za kushoto, kama za ndugu zao wote.

Nilikwenda dirishani. Nikaweka kioo chenye ganda la kielelezo, lile moja linalobeba jina kwa niaba ya wenzake. Nikang'oa unywele wangu mmoja mweupe, nikaulaza juu ya kioo chembamba cha kufunikia. Unywele uko juu, hilo halina ubishi, nimeuweka mimi. Nikageuza kifundo kama anavyogeuza mtu wa hadubini za siku hizi. Unywele ukajitokeza mahali ambapo pangepaswa kuwa chini.

Nikakaa na kioo kile mkononi. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa anajua. Ningeweza kukirudisha kwenye kisanduku, nikamaliza touton zangu, na kesho adhuhuri Selby akachapwa. Angedumu mwaka mmoja, labda miwili. Kisha mtu wa Calgary au wa Utrecht angekuja na hadubini nzima, na Selby angehamishiwa kwenye orodha ya majina mafu, chini ya jina la kweli, na jina hilo lisingeweza kutumika tena katika ukoo ule. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nawajua watu wa fani hii, hawasahau kosa la mtu hata wakisahau majina ya watoto wao.

Tamsin alirudi anapiga mluzi.

"Njoo hapa, mwanangu. Tazama. Kuna unywele. Uko juu ya ganda au chini?"

Akaketi, akageuza. "Chini. Mbona uchafu umeingia chini ya ganda? Shangazi, unazeeka."

"Ninazeeka, ndiyo. Toa jicho. Uguse."

Akautazama kwa macho matupu. Akaugusa kwa kidole, ukasogea. Akarudi kwenye lenzi, akageuza kifundo huku, akageuza kule. Niliona masikio yake yakiwa mekundu.

"Nani kaiharibu hii hadubini?"

"Mwenye jina."

"Selby?"

"Mwaka tisini na nne. Kwa saa ya mezani."

"Na wewe ulikuwa unajua! Miezi minne unaniona nimekaa hapa, unaniletea chai, na hukusema!"

"Sikusema. Nilidhani ninachokijua mimi kinajulikana na dunia nzima. Na kikaratasi cha kukuonya nilikibandua mimi. Hapo sina pa kujificha."

Akainuka, akazunguka chumba, akagonga kabati, akaketi tena. Alikuwa na haki. Makala ile ndiyo ingemweka kwenye ramani.

"Labda tusubiri," akasema taratibu. "Labda nitazame upya, huenda moja au mawili kweli ni ya kulia..."

"Tamsin."

"Kwa ajili yako, shangazi! Unadhani mimi nalilia pembe? Nilitaka uwe nalo."

"Najua. Lifute."

"Shangazi..."

"Lifute leo. Selby hakuandika kina cha uongo hata kwenye kifuko kimoja. Hatabandikwa kwenye ganda la uongo, hata liwe zuri namna gani."

Nilisema kwa sauti kavu, kama naagiza asidi. Lakini iliniuma kuliko mazishi, maana siku ile walimfukia watu wengine, na safari hii nilimfukia mimi. Tamsin alivuta kompyuta akawaandikia wachapaji, nami nikasimama nyuma yake mpaka barua ikaondoka. Kisha tukala touton zilizobaki, zimepoa.

Majira ya joto yote aliyatazama upya maganda ya kisima kizima, moja moja. Spishi mpya haikupatikana. Alipata makala fupi ya kawaida kuhusu umri wa tabaka lile, ikachapwa Novemba. Aliiweka mezani kwangu siku ya ukungu mzito, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Ukurasa wa tatu," akasema. "Usinipige."

Kwenye sehemu ya namna kazi ilivyofanyika, palikuwa na sentensi hii: Wanaotaka kurudia uchunguzi huu watahadhari na kifundo cha Pardy cha hadubini ya dirishani, ambacho huzunguka kinyume, asiyekijua atageuza tumbo kuwa mgongo.

"Umemfanya onyo!" nikasema.

"Onyo halina mkaguzi wa kulifuta, shangazi. Kosa ni lake kweli."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Gia ya kiwandani tungeweza kuagiza sasa, lakini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Tamsin amebandika kikaratasi kipya, na amewafundisha wote: anayeketi dirishani lazima kwanza aseme kwa sauti, "Kinyume, Selby," ndipo aguse kifundo. Nawasikia asubuhi nikiwa kwenye asidi zangu, sauti za watu ambao hawakumwona hata siku moja. Miaka thelathini nilimwambia maneno hayohayo na hakunisikia. Jioni narudi nyumbani, nalifunga bomba la jikoni, na maji yanatoka.