Mara Tatu kwenye Ukuta wa Banda

Lorna alijua kwamba haifai. Hakuna msichana wa Akwesasne, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, asiyejua. Fimbo ya mbao ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, ni ya mwanamume: huwekewa ubavuni akiwa bado kitoto cha kubebwa, na siku akifa huzikwa nayo. Mwanamke haigusi. Wasichana wana fimbo zao za plastiki na alumini, na kwa hizo Lorna, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, alikuwa akiamka kabla ya basi la shule ili apate muda wa kurusha mpira nyuma ya nyumba.

Lakini Jumamosi ile alasiri fimbo ya kaka yake ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa nyuma, na Brennan alikuwa ametoka kwenda kununua kamba za ngozi. Babu ndiye aliyeichonga kwa mti mgumu wa hikori, akaikunja kichwa kwa mvuke, akaisuka wavu kwa mikono yake. Kesho asubuhi wanaume wangecheza kwa ajili yake. Alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu majira ya baridi, na aliota ndoto ya mchezo, akauomba. Kwao mchezo ulioombwa na mgonjwa ni dawa.

Nitaishika tu, alijisemea Lorna. Nione uzito wake.

Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, nayo ilikuwa hai kama samaki anayejipinda mkononi. Kabla hajafikiri alikuwa ameshachota mpira kwenye tope na kuutupa kwenye ukuta wa banda la kuni. Ukarudi. Akaudaka. Akautupa tena, na tena, na kila ulipoingia wavuni sauti yake ilikuwa nyororo, si kama ile ya plastiki. Moyo ulimjaa furaha hata akacheka peke yake.

Ndipo babu alipoanza kukohoa ndani ya nyumba.

Hakikuwa kikohozi cha kila siku. Hiki kilipanda, kikapanda, kisha kikakatika ghafla, na ule ukimya ukawa mbaya kuliko kikohozi chenyewe. Lorna aliirudisha fimbo mlangoni, akakimbilia ndani. Mama mdogo Theresa alikuwa amemwinua mzee na kumwegemeza kifuani pake, akimpigapiga mgongoni.

"Lete maji! Unasimama kama mlingoti?"

Akaleta. Babu alivuta pumzi kwa mluzi mwembamba, midomo imekuwa ya kijivu. Kwenye leso kulikuwa na doa jekundu.

"Ilikuwaje?" Lorna aliuliza, na sauti yake hakuitambua.

"Sijui, mwanangu. Alikuwa amelala vizuri tu. Ghafla, hivi."

Ghafla, hivi. Lorna alikaa kwenye ngazi. Kama angenyamaza, Brennan angeingia uwanjani na fimbo iliyoharibiwa, na dawa ingegeuka kitu kingine. Na kama angesema? Brennan alikuwa moto wa mabua, na kila mtu aliujua mchezo huu: asiye na moyo safi haingii. Mwenye hasira akiingia, hasira yake humwendea mgonjwa. Huku shimo, kule shimo, na katikati yake babu akipumua kwa mluzi. Tena hakuna aliyemwona. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba kunyamaza kulikuwa rahisi vile.

Brennan alirudi akipiga mbinja. Aliketi mlangoni, fimbo mapajani, akaanza kubadilisha kamba moja iliyolegea.

"We dogo, mbona umekunja uso? Timu yenu imefungwa tena?"

"Kaka, iweke chini."

"Nini?"

"Hiyo fimbo. Iweke chini. Nimeigusa."

Alicheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikafa. "Umeigusa vipi? Imeanguka, ukaiokota?"

"Nimeirushia mpira. Pale bandani. Mara tatu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na babu akaanza kukohoa. Akatema damu."

Brennan aliiweka fimbo sakafuni taratibu, kama mtu anayeweka chini bakuli la supu ya moto. Shingo yake ilikuwa imewiva.

"Una yako!" alisema. "Una fimbo mbili! Nimekununulia moja mwenyewe! Kuna kitu gani kwenye hii?"

"Nilitaka kujua tu."

"Kujua! Miaka yote hii hukutaka kujua, hadi leo? Leo, Lorna?"

Alitoka akaubamiza mlango. Lorna alisikia kuni zikipigwa teke. Akawaza: nimemaliza. Nimeharibu fimbo, sasa nimeharibu na mchezaji.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa.

"Chukua fimbo yako," Brennan alisema bila kumtazama. "Vaa na kofia yangu ya kinga."

"Ya nini?"

"Unataka kesho niingie na hasira hii? Vaa."

Walisimama nyuma ya banda, mvua ya barafu ikianza kudondoka, Brennan akiwa na fimbo yake ya plastiki ya mazoezi. Mpira wa kwanza Lorna hakuuona. Aliusikia tu ukipita sikioni. Wa pili ulimgonga kiganja kupitia glavu. Miguu ilimwambia kimbia.

"Daka!"

"Unarusha kama mwendawazimu!"

"Daka, nimesema! Si ulitaka kujua?"

Alidaka wa nne. Akaurudisha kwa woga. Alidaka wa tano, na wa sita, naye akaanza kubana meno badala ya kulia. Wa tisa aliurudisha kwa nguvu zake zote, ukaruka kwenye tope na kumpata Brennan kwenye ugoko. Akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja akitukana miti yote ya Akwesasne.

"Samahani! Kaka, samahani!"

"Nani kakufundisha kurusha hivyo, we shetani?"

"Babu."

Brennan alikaa kwenye tope. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na Lorna hakujua kama analia au anacheka, hadi alipomsikia. Alikuwa akifanya vyote viwili.

"Nitaazima ya mjomba Ransom," alisema mwishowe. "Ile itakaa ndani. Na babu utamwambia wewe. Mimi simo."

Usiku huo Lorna hakulala vizuri. Asubuhi wanaume walikusanyika uwanjani, vijana na wazee, bila kofia wala kinga. Mjomba Ransom, aliyeuongoza mchezo, alipita kwa kila mmoja akimtazama machoni. Kwa Brennan alisimama muda mrefu. Mjomba akampiga begani, akapita.

Babu alikuwa ndani ya gari aina ya pikapu pembeni mwa uwanja, amefunikwa mablanketi mawili, dirisha limeshushwa kidogo. Lorna alisimama nje ya dirisha hilo pamoja na mama mdogo. Mchezo ukaanza. Mpira ukamjia Brennan mapema, na fimbo ngeni ikamponyoka. Watu wakamcheka na kumtania kwamba amekuja na ufagio.

"Ile si niliyomchongea," babu alisema.

Mama mdogo akamgeukia Lorna. Lorna akasogea karibu zaidi na dirisha.

"Ni kwa sababu yangu, babu. Niliishika. Nikarusha nayo. Jana, kabla hujaanza kukohoa."

Mzee aliutazama uwanja. Pumzi yake ilipiga mluzi, ikatulia, ikapiga tena. Lorna aliihesabu.

"Usirudie," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Mmh." Alitoa kidole chembamba kutoka kwenye blanketi, akaelekeza uwanjani. "Fimbo ya Ransom ni ndefu. Yule anaishika juu mno. Mwambie. Mimi sauti sina."

Lorna alikuwa hajawahi kupiga kelele mbele ya wanaume wote wale. Akasogea hadi ukingoni mwa nyasi, akaweka viganja mdomoni.

"Brennan! Shika chini! Chini zaidi!"

Brennan aligeuka, akashusha mkono, na mpira ulikuwa tayari unakuja.