Amri ya Kumpa Shangazi Uzito

Jumatatu saa tatu asubuhi muuguzi wa zahanati alimpandisha Shangazi kwenye mizani, ikasoma sifuri. Muuguzi akaandika sifuri kwenye kadi, akamshauri apunguze chumvi.

Sababu ilijulikana. Mwezi uliopita karani wa usajili, akili yake yote ikiwa kwenye chakula cha mchana, alimwandika Shangazi marehemu badala ya jirani yake Shangazi aliyefariki. Haraka haraka haina baraka. Tangu hapo Shangazi alikuwa akipungua, mpaka akawa anatembea na mawe mfukoni ili feni isimpeperushe. Kusahihisha kulihitaji sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi alishasema ofisi yake haijawahi kukosea.

Mtunza kompyuta wa ofisi hiyo alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, aliyelelewa na Shangazi huyo huyo tangu akiwa mchanga. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

Kanuni zilikataza kuweka programu mpya kwenye mashine ya usajili. Lakini ganda, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, hukubali kupakiwa amri mpya ndani yake lenyewe. Programu ya kawaida ni mgeni: huitwa, hufanya kazi, huondoka. Amri ya kupakiwa ni mtoto wa nyumbani: hukaa humo humo, na ganda likifungwa nayo imekwisha. Kanuni hazikusema lolote kuhusu watoto wa nyumbani.

Binti aliandika amri yake ya kupakiwa kwa siku tatu, mistari arobaini, akaiita "yupo". Kwenye maelezo ya msaada, ambayo kila amri lazima iwe nayo, aliandika: "Huthibitisha kwamba Shangazi yupo." Jaribio la kwanza lilikuwa na kasoro, Shangazi akapata uzito wa miguu tu.

Alhamisi aliipakia tena. Shangazi alikuwa kwenye benchi la wateja, na benchi likalia. Kilo sitini na mbili. Akaomba chai.

"Uzito huo ni mpaka dirisha lifungwe, Shangazi," binti alimwambia.

"Basi usilifunge, mwanangu. Kwani linakula nini?"

"Umeme."

Mkurugenzi alikuja kuangalia. Akasalimiana na Shangazi vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani. Binti akamwekea fomu ya masahihisho mezani.

"Mzee, sahihi moja tu. Umeme ukikatika tunampoteza."

Mkurugenzi aliisoma fomu yote, hata nyuma. "Binti yangu, kosa likisahihishwa maana yake lilikuwepo."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Aliomba karatasi nyingine, akaidhinisha betri kubwa ya dharura, na akamwagiza mfagizi asiiguse kibodi ile.

Betri ililetwa Ijumaa na vibarua wawili. Mtu wa stoo alitaka shahidi wa kupokea mzigo, na Shangazi, aliyekuwa karibu, akajitolea, akataja jina lake. Mtu wa stoo akalitafuta kwenye orodha ya usajili.

"Samahani, mama," alisema kwa upole. "Marehemu hawaruhusiwi kutia sahihi."

"Haya," Shangazi akasema, akawashikia vibarua mlango betri ipite.